Toa Jina la Mume Wangu Hapo

"Emmaculate ni nani?"

Nilimuuliza mume wangu mbele ya karani wa sacco na mbele ya foleni nzima. Gordon aligeuza uso. Ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kusoma kalenda iliyotundikwa ukutani.

Karani, bwana mmoja mpole anayeitwa Dalmas, aliona ameharibu. Akashusha sauti.

"Mama, mimi nimesoma tu kile kiko kwa kompyuta. Shea za Mzee wako zimeshikwa. Alisainia mtu loni, na huyo mtu ameacha kulipa. Hatuwezi kumpa pesa ya ploti mpaka hiyo ingine itulie."

"Hapo nimesikia. Nauliza huyo mtu ni nani."

"Ni mtu wa kazi," Gordon akaiambia kalenda.

"Kazi gani?"

"Lornah, twende tuongee nyumbani."

Nilicheka. Mimi nikicheka na huku nimekasirika, watu wa Dunga wanajua kusogeza beseni zao.

Wacha niwaeleze ndiyo mnielewe. Mimi nauza samaki Dunga, kando ya ziwa. Gordon anaendesha lori la miwa upande wa Muhoroni, analala huko katikati ya wiki na kurudi kwangu Jumamosi. Jumatano hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu tulikuwa tumepata ploti Mamboleo. Tumekuwa wapangaji tangu msichana wetu Debra hajaanza shule, na mwenye ploti alikuwa ametupa hadi Ijumaa, ikipita anamuuzia mwingine. Tegemeo letu lilikuwa shea za Gordon. Sasa, katika sacco yetu hupewi mkopo kwa sura yako nzuri. Mwanachama mwenzako anakusainia, anaweka shea zake mwenyewe rehani, na ukikosa kulipa zake ndizo zinashikwa. Hicho si kitu unachomfanyia mtu mliyesalimiana naye barabarani. Unamfanyia mtu unayelala ukimwaza.

Tulipofika nyumbani sikuketi.

"Mwaka juzi nilikuomba unisainie nichukue loni ya mtaji. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Nilisema bibi na bwana wasisainiane. Mmoja akianguka, nyumba yote inaanguka."

"Na Emmaculate akianguka, nani anaanguka?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Ni mrembo?"

"Lornah."

"Nimeuliza swali rahisi, Baba Debra. Kwani mtu wa kazi hana sura?"

"Ako tu kawaida. Alikuwa karani wa mizani pale kampuni. Kuna siku alinisaidia, na mimi nikamsaidia. Halafu wakapunguza watu, akatolewa. Ndiyo maana halipi. Hakuna kitu ingine."

"Alikusaidia na nini?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Mume wangu, mtu anayenisimulia hata chai aliyokunywa njiani na nani alilipa, alichukua taulo akaenda kuoga. Alipotoka alisema lori linamngoja, akaondoka. Lakini alipokuwa bafuni nilikuwa nimeshaitoa namba ya Emmaculate kwenye simu yake. Msinihukumu.

Wivu ulinishika vibaya, siwezi kuwaficha. Nilianza kuyapitia maisha yetu upya, shilingi kwa shilingi. Kila mwezi aliposema "mama, tukaze mshipi, pesa ni kidogo", sasa nilimwona Emmaculate akila kuku. Wiki ile tuliyokula dagaa wa omena mpaka Debra akagoma, Emmaculate alikuwa akila nyama choma. Mimi nilikuwa nikipima sukari kwa kijiko, kumbe mwenzangu huko anajipimia kwa kikombe. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini alikuwa ameshanona.

Alhamisi asubuhi nilimsimulia Adongo, jirani yangu wa meza pale Dunga. Alinisikiliza huku akiparua magamba ya ngege.

"Wacha kuzunguka," akasema. "Huyo ni nyieka."

Nyieka, mke mwenzangu. Kwetu neno hilo halitamkwi hivi hivi. Nilimkata samaki wa mteja vipande vidogo vidogo mpaka mwenyewe akaniuliza kama nadhani anampikia mtoto mchanga.

Nikanawa mikono, nikatoa simu, nikaandika ujumbe.

"Habari. Mimi ni Mama Debra, bibi ya Gordon Oduor. Uko wapi?"

Jibu halikuchelewa.

"Habari yako dada. Niko Muhoroni karibu na geti ya kiwanda, nauza chai. Nilijua siku moja utanitafuta. Karibu."

Alijua. Yaani alikuwa akiningoja. Nilimwachia Adongo meza yangu, na saa sita mchana nilikuwa Muhoroni.

Nilikuwa nimemwomba Mungu awe na sura mbaya, na Mungu hakunisikiliza. Emmaculate alikuwa mrembo kabisa, hata na kile kitambaa kichwani, hata na moshi wa jiko machoni. Trekta za miwa zilikuwa zimepanga foleni hadi karibu na meza yake na madereva walikuwa wanamwita "sista" kwa sauti laini ambayo sikuipenda.

"Wewe ndiye Emmaculate."

"Ni mimi. Karibu uketi, dada."

"Sikuja kuketi."

"Basi simama, lakini kunywa chai. Umetoka mbali." Akaanza kumimina. "Hiyo deni naijua. Naweka kidogo kidogo, bado haijatosha. Sikutaka kumpigia Gordon simu nimwambie uongo."

"Kwa hivyo huwa mnapigiana."

"Zamani, nikiwa kazi. Saa hii hapana."

Alinipa kikombe. Kisha, kwa upole kabisa, akaniuliza:

"Na friza? Bado inashika barafu vizuri?"

Kikombe kilisimama katikati ya meza na mdomo wangu.

"Friza gani?"

"Yako. Ile nyeupe ya vifuniko viwili."

Lazima mjue kuhusu hiyo friza. Gordon aliileta Dunga juu ya pikapu, bila kunidokezea, mchana watu wakiwa wamejaa. Wanawake walipiga vigelegele. Adongo alicheza mpaka leso ikamwanguka. Nilipomuuliza ametoa wapi pesa, alisema ni bonasi ya kazi. Sijawahi kumpenda mwanamume huyo vile nilivyompenda siku ile. Na sasa mwanamke wa Muhoroni alikuwa ananiulizia hali ya friza yangu.

"Wewe unajuaje vitu zangu?"

Aliniangalia, na nikaona anaelewa.

"Hakukuambia."

"Aniambie nini?"

"Hiyo friza ilikuwa loni, dada. Mimi ndiye nilisaini. Alikuwa ameomba madereva wenzake wote wakakataa, kila mtu anaogopa shea zake. Akakuja pale kwa mizani, akanieleza vile unanunua barafu kila siku na faida yote inaishia hapo. Akanieleza vile samaki ilikuharibikia Krismasi ukalia. Nikamwambia leta fom."

"Alikuambia nililia?"

"Aliniambia mambo yako yote. Akipima miwa, ni Lornah. Akingoja risiti, ni Lornah."

Niliumia pale, sitadanganya. Angeniambia amelala na mume wangu ningejua pa kuanzia, ningeanza na hiyo chai. Lakini huyu alikuwa amepewa machozi yangu, na mimi sikuwa nimepewa hata jina lake. Friza niliyojivunia mbele ya Dunga nzima ilikuwa imesimama juu ya shea za mwanamke mwingine, na yeye alijua, na mimi sikujua.

"Unampenda?"

Alichukua kitambaa akafuta mahali ambapo palikuwa safi.

"Nilimpenda. Kidogo."

Nilishusha kikombe.

"Yeye hajui," akaendelea. "Mtu anaongea friza ya bibi yake kutoka asubuhi, utamwambia nini? Nikasema wacha nisaini, angalau nimsaidie kitu. Alipomaliza kuilipa, mimi nikataka loni ya fees ya ndugu yangu, na yeye akanisainia. Ni hiyo tu, dada. Mkono wangu ameshika akinisalimia, na akishukuru."

Ndipo nikaketi. Nilitoa simu nikampigia Gordon.

"Baba Debra, friza yangu ilitoka wapi?"

"Friza? Si nilikuambia ni bonasi."

"Niko Muhoroni. Nakunywa chai ya Emmaculate."

Nilisikia injini ikizimwa.

"Lornah, wacha nieleze."

"Eleza."

"Ungejua ni loni ungeanza kupiga hesabu. Ungesema turudishe. Mimi nilitaka siku moja tu uniangalie kama mtu ameweza. Na ile siku uliniangalia hivyo."

"Kwa hivyo ulinidanganya ndiyo nikupende."

Akasema polepole, "Eeh."

"Halafu ukweli ukampelekea mwingine."

"Mimi sikuiona hivyo."

"Mimi naiona hivyo. Kesho asubuhi uwe sacco. Beba kitambulisho."

Emmaculate alikuwa akimhudumia dereva mmoja na kujifanya hasikii, ingawa alikuwa amemtilia sukari mara mbili.

"Na wewe," nikamwambia, "unajua kuuza samaki?"

"Mimi ni Mbukusu, dada. Kazi yangu kwa samaki ni kula."

"Utajifunza. Hawa madereva wote wanashindia chapati na chai? Nitakuwa nakutumia ngege kutoka kwa hiyo friza ulisaini, unakaanga hapa. Faida ni yako, lakini hujanunua hata sabuni kabla ya kulipa sacco."

"Kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii. Nataka shea za mume wangu zitoke kwa mikono yako."

Alicheka, na akicheka alizidi kuwa mrembo, jambo ambalo lilinikera upya.

Ijumaa asubuhi tuliketi watatu kwenye benchi moja la sacco, mimi nikiwa katikati. Gordon alikuwa amevaa shati la kanisani. Sijui alidhani tunaenda kufunga ndoa ama kuivunja.

Emmaculate alilipa kile alichokuwa ameweka, nami nikajazia kilichopungua kwa ile miezi aliyoruka, nikimtajia mbele ya wote kwamba nitaikata kwenye faida yake ya samaki. Dalmas akaangalia kompyuta yake, akatuangalia sisi.

"Haya, imetulia. Kuna ingine?"

"Iko," nikasema. "Toa jina la mume wangu hapo. Weka langu."

"Kwa loni ya huyu dada?"

"Ya huyu."

"Mama, unajua akikosa kulipa tena ni shea zako tutashika?"

"Najua."

Gordon akageuka. "Lornah, huo mzigo ni wangu. Na hizo shea si ni za friza ya pili?"

"Friza ya pili itangoja. Nisikilize, Baba Debra. Kutoka leo Emmaculate akikwama, ananipigia mimi. Akipata, ananiambia mimi. Wewe na yeye hamtakuwa na kitu cha kuongea, hata cha pesa."

Mama mmoja nyuma yetu alisahau kabisa kwamba zamu yake imefika kwenye dirisha la pili.

Dalmas alishika kalamu. "Fom inauliza huyu ni nani kwako. Niandike nini?"

Nilimkumbuka Adongo na neno lake. Nikamwangalia Emmaculate, amekaza mikono kwenye mkoba, na uso wake mzuri umejaa aibu. Nilimwonea wivu hata pale, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja.

"Andika rafiki," nikasema. "Lakini usikaze kalamu sana."

Emmaculate ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akatoa simu yake bila kuombwa, akafuta namba ya Gordon, akanionyesha. Niliangalia mpaka nikahakikisha, ndipo nikamwambia ahifadhi yangu. Alisaini, akanishukuru, "ero kamano", kwa Kijaluo cha kuvunjika, akaenda kuwahi chai yake Muhoroni.

Tukabaki wawili.

"Na ploti?" Gordon akauliza kwa sauti ndogo.

"Shea zako ziko huru. Omba. Lakini ploti inaandikwa majina mawili, langu la kwanza. Na kabla hatujafika nyumbani unaniambia kila deni uko nayo, hata ya soda."

"Nitakuambia."

"Ukificha, nitamuuliza Emmaculate."

Akaniangalia kuona kama natania. Sikuwa natania.

Dalmas alimpigia mwenye ploti akamhakikishia pesa inatoka Jumatatu, naye mwenye ploti akakubali kungoja. Kisha karani akavuta fom nyingine, akajaza, akakwama kwenye mstari mmoja na kutuangalia kwa zamu.

"Bado mtu mmoja. Nani anamsainia Mzee?"

Gordon alirudia kalenda yake. Madereva wenzake walishamkataa. Emmaculate alishaenda. Nilimwacha aisome hiyo kalenda vizuri, tarehe zote.

"Mama," Dalmas akasema kwa uangalifu, "shea zako zimebaki kidogo. Lakini zinatosha."

Nikaichukua kalamu.

"Lornah," Gordon akasema. "Si nilikuambia mmoja akianguka nyumba yote inaanguka?"

"Uliniambia."

Niliandika jina langu lote, na hapa nilikaza kalamu.

"Basi usianguke."