Mkono Usioachia

Kila jioni Loisi alitoka kazini akinuka mafuta ya alizeti. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kizota, mjini Dodoma. Kazi yake ilikuwa kujaza mafuta kwenye madumu. Akimaliza, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akajifunga khanga, akashika njia ya mkato kando ya reli.

Kwenye njia hiyo palikuwa na ghala lililofungwa. Hapo alikaa mwanamume mwenye umri wa baba yake. Watu walimwita Mzee Koti, kwa sababu hakuvua koti lake hata jua likiwaka. Loisi alilelewa vizuri. Hakuweza kumpita mtu mzima bila kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono."

Loisi alitoa mkono, akapiga goti kidogo. Mzee hakuuachia. Vidole vyake vilipanda taratibu hadi kwenye kifundo cha mkono, vikabana.

"Mbona una haraka? Njoo huku tuzungumze."

Loisi alicheka kwa woga, akaomba aachiwe. Siku nyingi aliachiwa baada ya kusihi. Siku moja alivutwa hadi nyuma ya ghala. Lori lilitokea, dereva akapiga honi, na mzee akamwachia. Loisi alifika nyumbani, akasimulia yote.

"Pita barabara kubwa," alisema mume wake, Meshack, aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti.

"Nilipita. Akahamia barabara kubwa."

"Basi nitamwonyesha!"

"Umwonyeshe, ufungwe, halafu sisi tule koti lake?"

Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimwita Mzee Koti. Mzee alicheka mbele yao wote. "Huyu binti ananiamkia, nami namwitikia. Tangu lini mtu akashtakiwa kwa salamu?" Hapakuwa na shahidi. Wakarudi nyumbani wamechoka na wamekasirika.

Tabu, dada mkubwa wa Meshack, alisikia habari hizo. Ndiye aliyemlea Meshack baada ya mama yao kufariki. Kwa hiyo Loisi alimheshimu kama mama mkwe.

"Wifi," alisema Tabu, "Jumamosi jiandae. Kuna mwalimu anafundisha wanawake kung-fu ya kujilinda. Tutakwenda sote."

Mwalimu aliitwa Salma, mwenyeji wa Kondoa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikurudia neno bila sababu. Aliwapanga wanafunzi wawili wawili. Tabu na Loisi wakawa jozi.

"Mmoja ashike kifundo cha mwenzake," alisema Salma. "Anayeshikwa atafute upande wa dole gumba. Hapo ndipo mshiko ni dhaifu. Kunja kiwiko, piga hatua, toa mkono kupitia hapo."

Tabu alinyoosha mkono. Loisi aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mama Hana!" aliita Salma, akimtaja Loisi kwa jina la mwanawe. "Nimesema utoke, sijasema umsalimu!"

Wanawake walicheka. Walirudia. Safari hii Tabu aliachia kabla Loisi hajafanya lolote. Walirudia tena. Tabu akarudi nyuma mwenyewe, kama aliyesukumwa na upepo.

Salma alishusha pumzi. "Mama, mbona unaachia mapema?"

"Mwalimu, huyu ni mke wa mdogo wangu. Nikimvunja mkono, nani atanipikia mlenda?"

Wiki zilipita hivyo. Tabu alishika kwa adabu, Loisi alitoka kwa adabu. Loisi akaamini kwamba anajua.

Siku moja Meshack akasema, "Hebu tuone." Bila taarifa alimkamata kwa mkono wake wa kuchomelea vyuma, akamvuta kwa nguvu zote. Loisi alisahau kila kitu. Alijigonga bega kwenye mlango.

"Kung-fu gani hii?" Meshack aliuliza. Mara akaona machozi, akauachia mkono.

"Nyote mnanichosha!" alisema Loisi. "Yule hataki kuniachia, dada yako hataki kunishika, na wewe unanivunja bega. Siendi tena!"

Jumamosi hakwenda. Salma alimfuata nyumbani. Meshack na Tabu walikuwapo.

"Nyote wawili mmekosea," Salma aliwaambia. "Nami nilikosea kuliacha hili likaendelea. Dada Tabu, wewe unampa kidogo mno. Kaka Meshack, wewe umempa vyote kwa mkupuo. Mtoto haachishwi ziwa asubuhi akapewa ugali wa uwele mchana. Huanzia kwenye uji. Lakini pia habaki kwenye uji maisha yake yote."

Kisha akamgeukia Loisi. "Huyo mtu huanzaje?"

"Huanza na salamu."

"Basi na sisi tutaanza na salamu."

Tangu siku hiyo mazoezi yalibadilika. Loisi alisema shikamoo. Tabu alijibu marahaba, akampa mkono, kisha akapandisha vidole hadi kwenye kifundo. Mwanzoni alishika kidogo tu, na Loisi alijua ni mkono upi utakuja. Walifanya polepole mpaka miguu ya Loisi ikaacha kubabaika. Ndipo Tabu alipoongeza nguvu. Baadaye alishika huku wakitembea. Baadaye alivuta. Kisha akaruhusiwa kushika mkono wowote, wakati wowote. Kila Loisi aliposhindwa, Salma aliwarudisha nyuma kidogo, kisha wakapanda tena.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa nguvu. Lilikuwa maneno. Salma alimwagiza Tabu, huku ameshika, aseme maneno ambayo Mzee Koti humwambia Loisi.

"Mwanangu, siku hizi una dharau," alisema Tabu. Loisi aliganda. Magoti yalianza kuinama.

"Unaona?" alisema Salma. "Mwili wako umefundishwa kutii sauti hiyo tangu utotoni. Heshima ni nzuri. Lakini anayekushika ukiwa umekataa, yeye ndiye aliyevunja heshima. Rudia."

Mwishowe ukafika wakati wa pambano la mazoezi. Walivaa glovu na kinga za meno. Salma alisimama karibu. Mmoja akisema "basi", wote waliacha mara moja. Tabu alimjia Loisi bila kutangaza atafanya nini. Loisi alitoka kwenye mshiko, akamsukuma kifua kwa viganja. Tabu alikaa kwenye mkeka kwa kishindo.

"Yesu wangu! Wifi, nisamehe!" Loisi alilia.

Tabu alitoa kinga ya meno, akacheka. "Unisamehe wewe. Nilikuwa nakushika kama yai."

Salma hakucheka. "Kumbukeni, lengo si kumpiga mtu. Lengo ni kutoka, kupiga kelele, na kukimbilia penye watu. Mwenye kisu akitaka mkoba, mpe mkoba. Na mtu akivamiwa akashindwa kutoka, kosa bado ni la aliyemvamia."

Haukupita muda mrefu. Jioni moja Loisi alipita tena kando ya reli, maana hata barabara kubwa mzee alimfuata. Mzee Koti alisimama katikati ya njia.

"Shikamoo," Loisi alisema. Neno lilitoka lenyewe.

"Marahaba." Mkono wa mzee ukaruka na kubana kifundo chake. "Mwanangu, siku hizi una dharau."

Maneno yale aliyajua. Alikwisha kuyasikia mara nyingi kwenye mkeka. Magoti hayakuinama. Mguu ulipiga hatua, kiwiko kikajikunja, mkono ukatoka upande wa dole gumba. Mzee alimrukia tena. Viganja vya Loisi vikamsukuma kifua, akakaa juu ya kokoto za reli.

"Sitaki! Usinishike!" Loisi alipiga kelele, akakimbia kuelekea gereji ya jirani.

Mafundi wa gereji walikuwa nje tangu mwanzo. Waliona yote.

"Nilikuwa namsalimu tu," alisema Mzee Koti, akipangusa koti.

"Salamu gani ya kumrukia mtu?" aliuliza fundi mmoja.

Safari hii mashahidi walikuwapo. Loisi na Meshack walikwenda polisi kwenye dawati la jinsia, na mafundi wawili wakaandamana nao kutoa maelezo. Kesi ilifunguliwa. Kona ya ghala ikabaki tupu, na wanawake wa kiwandani, waliokuwa wakiikwepa njia ya mkato kwa sababu yake, wakarudi kuipita.

Jumamosi iliyofuata Loisi alimkuta Tabu mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo, wifi," alisema, akapiga goti na kumpa mkono.

"Marahaba," alijibu Tabu, na ghafla akabana kifundo kwa nguvu zote.

Alibaki ameshika hewa. Magoti ya Loisi yalikuwa bado yameinama kwa heshima, lakini mkono wake ulikwisha kutoka.