Daftari Lililosema Sijambo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Ukiuliza "Fundi" tu, utaonyeshwa mlango. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na aliikanyaga toka asubuhi mpaka macho yamuume. Alishona sare za shule, mapazia, na suruali za wanaume wanene wasiokubali kwamba wamenenepa.

Kisha nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Alimeza vidonge, akajipaka dawa, akavumilia. Mwisho hata kupanda kitandani kukawa kazi. Hospitali walimpiga picha, wakasema kiungo kimelika. Wakampasua, wakamwekea kiungo kipya cha chuma.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa msaidizi wake kazini. Alitia vifungo na kupiga pasi. Habari ya operesheni hakuipenda.

"Nyonga ya chuma, wifi? Wewe hutakanyaga tena. Hiyo cherehani nitaikalia mimi."

Alicheka aliposema hivyo. Fundi hakucheka. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akaapa kumwonyesha.

Siku ya kutoka hospitali alipewa magongo na daftari. Aliyempa ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa walimwita Mama Nyoosha, maana kutwa nzima neno lake lilikuwa hilo hilo.

"Kila jioni andika," alisema Mama Nyoosha. "Umetembea toka wapi hadi wapi. Mazoezi gani umefanya, yapi yamekushinda. Maumivu yape namba, toka sifuri hadi kumi. Kidonda kikoje. Na usiiname, usikunje nne, usikae kwenye kigoda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alielewa kuandika. Cha kuandika hakukielewa.

Mumewe alikuwa safarini na lori, kwa hiyo wifi ndiye aliyepika na kufua. Wageni walikuja kumjulia hali. Daftari lilikuwa mezani, na wifi aliwasomea kwa sauti bila kuombwa. Basi Fundi akaandika kama mtu anavyoitika salamu. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu ana homa, anatetemeka, ukimwuliza hujambo anasema sijambo, halafu ndipo anaongeza "ila". Fundi hakufika kwenye "ila". Aliandika: "Sijambo. Nimetembea vizuri. Maumivu sifuri." Kesho yake akaandika vilevile, na keshokutwa.

"Haya, Fundi kapona!" wageni walishangilia.

Lakini maumivu yalikuwa yanapanda. Kidonda kilikuwa chekundu na cha moto. Kikaanza kutoa maji, kisha usaha. Fundi alikifunika kwa kipande cha pazia, akajipaka poda ili kisinuke. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tunaijua sote, na bado tunaficha.

Siku ya kliniki ikafika. Mama Nyoosha alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Kila siku sifuri? Haya, nyanyua mguu."

Fundi alinyanyua, akapiga ukelele.

"Fundi, nikuulize. Mteja akija kupimwa suruali, unaandika kiuno alicho nacho au anachokitamani?"

"Alicho nacho."

"Na ukiandika anachokitamani?"

"Itapasuka akikaa tu."

"Basi mimi umeniandikia kiuno cha kutamani. Lala nione."

Alipofunua kile kipande cha pazia hakutania tena. Alimwita daktari mbio.

Vijidudu vilikuwa vimeshaingia ndani. Fundi alipasuliwa mara ya pili, kidonda kikaoshwa mpaka kwenye chuma. Alilala wodini muda mrefu, dawa ikiingia kwa mshipa. Misuli ya paja ikanywea.

"Nitakanyaga cherehani?" aliuliza.

"Utatembea, lakini kwa fimbo," Mama Nyoosha alisema. "Kukanyaga kutwa, hapana."

"Kama ningeandika ukweli?"

Mama Nyoosha alivuta kiti, akaketi. "Tungekutibu mapema. Nadhani ungekanyaga."

Fundi alilia hadi mto ukalowa. Mimi ninayesimulia sina neno la kumfariji, kwa sababu aliambiwa kweli.

Siku ya kurudi nyumbani akapewa daftari jipya. Hili alilala nalo chini ya mto.

"Ni langu na lako, mama. Wageni watakunywa chai, hawatasomewa."

Aliandika: "Nimefika chooni kwa magongo. Maumivu saba. Kidonda kikavu. Kukalia kiti nimeshindwa. Nimeutukana mlango." Baadaye aliandika kwamba amefika nje, maumivu matano. Kuna siku alidhani hasogei hata kidogo. Alirudi kurasa za nyuma, akaona kwamba mwanzoni choo kilikuwa mbali kama safari.

Asubuhi moja alikuta shavu la mguu limevimba na kupata moto. Safari hii hakuweka poda. Aliandika, kisha akapiga simu.

"Usilisugue!" Mama Nyoosha alifoka. "Njoo sasa hivi."

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa.

"Kipande kingekatika kikapanda mapafuni, leo tungekuwa makaburini," daktari alimwambia. Alipewa dawa, na uvimbe ukaisha.

Hatimaye Fundi alirudi kazini na fimbo yake. Alisimama mezani akikata vitambaa. Wifi alikaa kwenye cherehani, mpaka siku itakapopatikana mota ya kuiendesha bila kukanyaga. Mteja aliingia, akamwambia wifi, "Shikamoo, Fundi." Wifi akaitikia. Fundi akaendelea kukata.

Mteja alipotoka, wifi alisema bila kugeuka, "Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Usaha. Kwenye shuka. Si nilikuwa nafua mimi?"

Mkasi ulisimama. "Ukanyamaza?"

"Daftari lako lilisema sifuri, wifi. Mimi nani nikubishie?"

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomchoma Fundi.

"Nilikuwa nimelala mbele ya macho yako," alisema. "Ningekufa mikononi mwako, na wewe unafua."

Wifi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie.

Kesho yake jioni Fundi alifungua daftari. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu anayepima nguo:

"Leo nimefua shuka zangu mwenyewe. Beseni nimeliweka juu ya meza ili nisiiname. Nimesimama mpaka nikamaliza. Maumivu manne. Wifi alikuja na sabuni. Nimemrudishia mlangoni."