Nukta Nyekundu za Sauti

"Mpenzi, iko wapi taarifa yangu ya saa saba?"

Nikampa karatasi. Habari zimechapwa, bila nukta hata moja.

Sauti, kama redio nzima ilivyomwita, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mbona hujaniwekea alama?"

"Kamwambie mchumba wako akuwekee."

Kadi ya uchumba wake na msoma hali ya hewa ilikuwa imebandikwa ubaoni tangu asubuhi, nami nilipita pale na chai yangu.

Habari za Kiingereza alizisoma kwa mkono wangu. Nilimkatia kila neno gumu: alama ya mkwaju (/) kati ya silabi, nukta nyekundu penye mkazo, mstari chini ya kiini cha neno. Nukta alizipiga kama ngoma. Maana hakuitaka kabisa.

"Mwalimu wangu, nakuomba. Bosi anasikiliza leo ndipo aamue kuniajiri."

"Najua. Ndiyo maana nimechagua leo."

Taa ya studio ikawaka. Akaingia hivyo hivyo.

Nje ya kioo, mchumba wake akaja kusimama pembeni yangu, anameremeta.

"Msikilize mume wangu! Ameahidi kunifundisha zile nukta zake."

"Zake?"

"Si huwa anaziweka mwenyewe?"

Nikamkabidhi kalamu yangu nyekundu, kisha simu yangu. Meseji ya Sauti ya jana jioni:

"Nikiajiriwa tu naleta posa kwenu, mpenzi. Yule wa hali ya hewa ananing'ang'ania bure."

Akaisoma mara mbili, akanirudishia simu. Tabasamu likamkauka.

Ndani, Sauti alikuwa amefika kwenye *irresponsibility*.

"I-RE... irres-PON... irrespo..."

Kikohozi. Kikohozi tena.

"Mtoeni huyo!" bosi alifoka kwenye spika. "Nani anaweza kumalizia?"

Nikaingia. Sauti alikuwa amelowa jasho mpaka kola.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Nipishe kiti."

Ir-re-spon-si-BI-li-ty. Nikaigonga BI mpaka fundi mitambo akacheka.

Nilipotoka, kadi ilikuwa vipande vipande kwenye ndoo ya taka, pete juu yake. Simu yangu ikalia, meseji ya Sauti.

"Mpenzi, tuongee. Bado nakupenda."

Nikamjibu:

"Lile neno lililokushinda, kiini chake ni kuwajibika. Kile kipande cha mbele, ir, kinakataa. Nami nimekataa. Hilo ndilo somo la mwisho."