Ukurasa wa Asili za Wanafunzi

Alhamisi moja ya Machi 1999, saa moja kasorobo asubuhi, Mama Generose alifunguliwa ofisi ya shule na mlinzi ili afagie, akaikuta rejista wazi mezani. Kufuli lilikuwa zima. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe.

Saa mbili aliingia Ispekta Patient. Alikuja kulinganisha shule mbili za serikali, hii ya Uvira na ile ya Kavimvira: waliofaulu wangapi, wanafunzi ni akina nani, wametoka wapi. Ukurasa uliokatwa, mpana wa kukunjwa, ndio ulioonyesha kila mtoto, kijiji chake na kabila lake.

"Fungulo ziko kwa nani?"

"Watu watatu," alijibu Antoine, prefe, yaani mkuu wa shule. "Minye mwenyewe, sekretere Léocadie, na Damien mlinzi."

Damien alikuwa ameshakalishwa chini, mikono imefungwa kamba.

"Nimeita askari," alisema Ispekta. "Saa nne watamchukua."

"Papa, minye nalinda mlango! Karatasi nitaifanyia nini? Kusoma kwenyewe sijui."

Generose aliweka ufagio chini. Wake za wanaume waliochukuliwa na askari aliwajua. Alisali nao kila asubuhi, wote wamevaa nyeusi kama yeye.

"Ispekta, na prefe je? Mwaka huu Kavimvira wamemshinda."

"We mama!" Antoine alifoka. "Tangu lini ufagio unahukumu?"

"Tulia, papa, nakutetea. Mwenye aibu angekata matokeo, nayo haya hapa."

Aliinama. Sisimizi walipanga mstari kwenye mgongo wa rejista. Akakwangua kwa ukucha.

"Aliyekata aliogopa kurasa zingine zisianguke, akazibandika na bukari, huu ugali wetu. Iko ya njano, mahindi ya msaada wa wakimbizi. Damien anakula muhogo, chungu chake naosha minye. Prefe anakula kwa mapadri." Akamgeukia sekretere, sauti chini. "Binti yangu, kwako mnapika unga gani?"

Léocadie alijifunika uso kwa kitenge.

"Mfungueni Damien. Ni minye. Niko na wasichana wawili wakimbizi nyumbani, wa Rurambo kule milimani. Juzi askari waliniuliza kama shule iko na liste ya watoto wa milimani. Nikasema haiko. Jana nikaikata, nikaichoma."

"Na mwenzako umemwacha kwenye kamba?"

"Nilikuwa naomba Mungu anipe kinywa, mama."

Ispekta akapiga magoti, akaifungua kamba mwenyewe.

"Sasa ripoti nitaandika nini?"

"Waulize watoto," alisema Generose. "Bila majina."

Kengele ikalia. Wanafunzi mia tatu na tisa wakajipanga uwanjani.

"Nani amewahi kukimbia kwao sababu ya vita? Anyooshe mkono," alisema Ispekta.

Wasichana wawili wa Rurambo wakatazama chini. Binti wa mvuvi akanyoosha wake.

"Weye wa hapa hapa! Ulikimbilia wapi?"

"Ziwani, bwana. Siku tatu ndani ya mtumbwi, na bibi anatapika."

Kicheko kikapita, kisha mikono ikapanda mstari kwa mstari, mpaka ya wale wawili, mpaka wa prefe. Ispekta akaandika: *Wote.*

Saa nne askari walisimama mlangoni.

"Mwizi wa liste iko wapi?"

Léocadie alianza kuinuka. Generose akamshika mkono.

"Mwizi hakuna," alisema Ispekta. "Ule ukurasa niliuchoma minye."