Baba Aliyeshika Akaunti Yangu ya Uzeeni

"Weka simu yangu chini!"

Baba alishtuka mpaka uma ukamdondoka.

Alikuwa jikoni kwake, kanipa mgongo, miwani puani, kidole kinatembea kwenye simu YANGU. Na pale kwenye kioo nikaona kabisa ukurasa wa akiba yangu ya uzeeni, ile ya kazini.

Wadau, niliiacha pale makusudi. Nilimtega. Niliomba Mungu asiingie mtegoni...

Akaingia!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, muelewe kwa nini ilifika huko.

Naitwa Britta Halvorson, wa Wisconsin, mji mdogo ambao kila nyumba ina mtu anayefanya kazi kiwanda cha Norquist. Tunaunda mashine za kusukuma theluji. Baba yangu, Gerry, anaendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, bohari tangu sijazaliwa. Mimi nimeajiriwa juzijuzi tu, chumba cha rangi.

Ukiajiriwa pale, wanakukata kidogo kwenye mshahara, kampuni inaongezea, na pesa inakaa mpaka uzeeke. Ila iwekezwe wapi, unachagua mwenyewe. Kuna mfuko wa mchanganyiko, wenye hisa za makampuni kibao, unaitwa kwa mwaka utakaostaafu. Wangu ungekuwa wa mwaka 2065, yaani hata kuufikiria nachoka. Halafu kuna hisa za Norquist yenyewe.

Mimi nikaweka zote Norquist. Zote!

Sababu ni baba. Kila vuli, msimu wa kuchagua ukifika, mzee anapanda juu ya kiti kantini.

"Tunakula hapa, tunaweka hapa! Asiyeiamini mashine anayoiunda kwa mikono yake akakaange chipsi!"

Watu wanapiga meza, wanapiga miluzi. Sasa mimi binti yake ningechagua kingine, ningemtazama vipi?

Basi. Msimu huu baba akaanza mambo.

"Britta, ile akiba yako uliweka wapi vile?"

"Si nilikwambia, baba. Norquist."

"Aaa... sawa."

Siku mbili hazijapita.

"Na neno la siri unalikumbuka?"

"La nini?"

"Basi tu. Watu wanasahau."

Kwetu watu hawaulizani habari za pesa, hata ndugu wa damu. Muulize mtu goti lake, mbwa wake, timu ilivyofungwa Jumapili. Pesa? Bora umuulize rangi ya chupi yake! Sasa mzee wangu, mkimya kuliko wote, ghafla ananichimba. Nikaingiwa na wasiwasi.

Nikamwambia Marcy, shosti wangu wa chumba cha rangi.

"Huyo kaliwa kasino," akasema bila kupepesa.

"Baba yangu? Hata bahati nasibu ya kanisani hachezi!"

"Ndio haohao. Chunga simu yako, shosti."

Ijumaa nikaenda baa kula samaki wa kukaanga, kama mji mzima unavyofanya kila Ijumaa. Nikamwona Mzee Duane na wenzake wa bohari, vichwa vimegusana, wananong'ona. Duane ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ananiita "mtoto wangu". Nikawasogelea...

Kimya!

"Aisee, baridi imeingia mapema," Duane akasema, macho kwenye sahani.

Nikajua tu. Wanajua kitu kuhusu baba, na wananificha. Roho iliniuma sana.

Ndipo nikatega. Jumapili nikaenda kwa baba kula soseji, nikafungua akaunti, nikaacha simu mezani, nikasema naenda chooni. Sikwenda. Nilisimama nyuma ya mlango.

Sasa turudi pale.

"Unaniibia, baba?"

"Nini?"

"Unadaiwa kasino? Sema tu ukweli!"

Akanitazama kama nimemzaba kibao. Akanisogezea simu.

Kwenye kioo palikuwa na swali moja: una uhakika unataka kuhamisha zote?

Kutoka hisa za Norquist... kwenda mfuko wa mwaka 2065.

Pesa ilikuwa palepale, yangu, kwa jina langu. Alikuwa anaitoa Norquist tu.

"Siibi, mwanangu. Nakutoa humo."

"Kwa nini?"

"Nenda nyuma ya bohari ukaone. Mashine za mwaka jana hazijauzwa, zimepangwa uani mpaka kwenye uzio, zenyewe zimefunikwa na theluji. Malori yanaondoka nusu tupu. Kiwanda kikianguka utapoteza mshahara. Uzee nao uende?"

"Sasa si uwaambie kantini!"

"Siwezi."

"Baba! Duane anastaafu mwakani!"

"Najua anastaafu lini!" Sauti ikamkatika. "Mimi ndiye niliyemwingiza. Wote mimi. Nikasimame niseme nini, kwamba miaka yote nilikuwa napiga kelele tu?"

"Na zako?"

Akaanza kuokota uma.

"Baba, na zako?"

"Zangu zinabaki. Nisiwakimbie watu niliowaleta."

"Ila mimi unanipitisha dirishani?"

"Wewe ni mwanangu."

Nikabonyeza ndiyo. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Kila nikifumba macho namwona Duane ameshika kiti cha ile baiskeli.

Jumatatu, muda wa chakula, nikapanda juu ya kiti cha baba.

Baba akanikazia macho. Shuka!

Sikushuka.

"Nimetoa akiba yangu yote Norquist," nikasema. "Baba ndiye aliyenitoa. Kaona mashine zimejaa uani, anaogopa, na anaona aibu kuwaambia. Nawaomba, tokeni. Mzee Duane, toka leo!"

Baba akafunika uso kwa kofia yake. Nikajua nimemmaliza baba yangu mbele ya watu wake.

Duane akakohoa.

"Gerry... mimi nilitoka zamani. Ile Krismasi kampuni ilipotupatia kadi badala ya paja la nguruwe la kila mwaka, nikajua hali ni mbaya."

Baba akashusha kofia.

"Mimi pia," akasema mwingine.

"Na mimi."

"Mimi sikuweka hata senti," akasema Marcy. Marcy, mpiga miluzi namba moja!

"Kwa nini hamkuniambia?" Baba akauliza, sauti ndogo.

Duane akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ulikuwa unafurahi sana pale juu ya kiti, Gerry. Nani angekuharibia? Ijumaa tulikuwa tunabishana nani akwambie. Mtoto akatukuta."

"Sasa nani bado yumo?" Baba akauliza tena.

Kila mtu akainamia sahani yake.

Wadau, alikuwa amebaki peke yake! Anazama na meli ambayo abiria wote walishashuka, kwa sababu kila mmoja alimwonea mwenzake aibu.

Mkichukua chochote kwangu, chukueni hiki: kampuni inayokulipa mshahara usiipe na uzee wako wote. Na kabla ya kuweka, ulizaneni kwa sauti, hata kama kwenu ni aibu. Sisi adabu ilikaribia kumla baba yangu.

Baba alinyanyuka taratibu, akaja mpaka pale kwenye kiti, akanyoosha mkono nishuke. Halafu akatoa simu yake, akavaa miwani, mbele ya wote.

"Haya, binti," akasema. "Nabonyeza wapi?"