Betri Iliyojaa Mlimani

Maiti ya Olman Quirós ilitolewa korongoni ikiwa bado imefungwa mkanda wa kiti. Gari lake la umeme lilikuwa limebonyea mbele kama kopo lililokanyagwa. Juu barabarani, kwenye ule mteremko mkali wa mlima Cerro de la Muerte, hapakuwa na alama yoyote ya matairi kuburuzika.

"Hakukanyaga breki, afande," alisema Sajini Fallas, akijikunyata kwa baridi. "Labda alisinzia."

Inspekta Yorleny Cubero aliinama kuchungulia ndani. Olman alikuwa mwenyekiti wa madereva wa teksi za umeme wa San Isidro, mtu aliyeshuka mlima huo tangu ujana wake. Kanyagio la breki lilikuwa limezama hadi sakafuni na kukwama huko.

"Alikanyaga sana," alisema. "Breki ndiyo haikumsikia."

Kesho yake mtaalamu wa uchunguzi alileta majibu mawili. La kwanza, nati ya bomba la mafuta ya breki ilikuwa imelegezwa kwa spana, na mikwaruzo ilikuwa bado mipya. La pili lilimshangaza hata yeye. Kumbukumbu ya skrini ilionyesha betri ina asilimia sabini, lakini alipoipima betri yenyewe aliikuta imejaa pomoni.

Yorleny alielewa papo hapo. Gari la umeme hujizuia lenyewe mteremkoni kwa kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikijaa, umeme huo hauna pa kwenda, na dereva hubaki na breki ya mguu tu. Ndiyo maana hakuna dereva wa mlimani anayeshuka na betri iliyojaa, na Olman ndiye aliyekuwa akiwakaripia wenzake juu ya jambo hilo. Basi mtu alikuwa ameifundisha skrini kusema uongo.

Alimkuta mjane, Xinia, amekaa jikoni huku majirani wakisali rozari sebuleni.

"Pole, Bi Xinia. Alikuwa anatoka wapi?"

"Mjini, ng'ambo ya mlima. Alipeleka gari kwa fundi. Madereva walikuwa hawamwachi apumue! Chaji ya haraka imekuwa ya konokono, betri zinakata njiani, abiria wanashuka wanawatukana. Na yeye ndiye aliyewashawishi wote wakanunue magari kwa Evelio."

"Fundi alisema nini?"

"Olman alinipigia akilia. Olman, Inspekta, ambaye hakulia hata alipomzika mama yake! Alisema betri zilikuwa zimechoka kabla hazijauzwa. Skrini zimechezewa zionekane nzima, na chaji imepunguzwa kasi makusudi ili zisife mapema zikamuumbua muuzaji. Nikamwambia, nenda moja kwa moja kwenye mkutano wa madereva ukawaambie wenzako. Akakataa. Lazima apitie kwanza kwa Evelio."

"Kwa nini?"

Xinia alimkazia macho. "Ni kompadre wake! Alimsimamia binti yetu Dayana ubatizo. Wewe utamwanika kompadre wako kabla hujamwambia usoni?"

Hata Yorleny asingefanya hivyo, si desturi. Na gari lake mwenyewe, lililoegeshwa pale nje, alikuwa amelinunua kwa Evelio Brenes huyo huyo, wakinywa kahawa na kutaniana. Alijiona mjinga, na hasira ikampanda.

Evelio alikuwa na yadi yake kileleni, yenye chaja mbili na mgahawa mdogo. Yorleny alipofika na Sajini Fallas, alimpokea kwa kumkumbatia, macho mekundu.

"Karibu, dada yangu! Ingia upate kahawa, baridi hii haina adabu."

"Nataka chaji. Imebaki robo."

Akamchomekea mwenyewe, haraka haraka.

"Olman alipita hapa siku ile?"

"Alipita, masikini kompadre wangu! Akala supu, tukacheka, akaondoka."

"Ulimchajia?"

"Nusu saa, wakati anakula. Alifika anakaribia kuzima."

"Akaondoka na ngapi?"

"Sabini! Magari yangu hayana longolongo. Wale madereva wanalalamika kwa kuwa hawajui kuchaji."

"Sawa. Tusubiri nusu saa."

Tabasamu la Evelio lilipungua. Walikaa. Yorleny hakuigusa kahawa. Muda ulipotimia, walitoka kutazama: robo ilikuwa imefika theluthi.

"Ni baridi," Evelio alisema. "Betri haipendi baridi."

"Siku ile kulikuwa na joto?"

Evelio aliinamia chaja, akajifanya anakaza waya.

"Gari la Olman na hili uliyaleta pamoja," Yorleny alisema. "Kwa mwendo huu, kulijaza ni kazi ya asubuhi nzima. Na lilijaa, Evelio. Tumeipima betri yenyewe. Alikuwa wapi muda wote huo?"

"Sijui..."

"Umesema alikuwa hapa! Alikuwa wapi?"

"Alilala," Evelio alisema kwa sauti ndogo. "Alifika alfajiri hajafumba jicho. Nilimtandikia kitanda changu."

"Ukashika spana. Na skrini ukaichezea isome sabini."

Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

"Kwa ajili ya pesa?"

"Pesa hutafutwa. Nimesimamia ubatizo wa watoto wa nusu ya madereva wale. Wananivulia kofia barabarani. Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Alikutisha?"

"Angenitisha ingekuwa rahisi. Alisema, kompadre, twende wote mkutanoni. Utasema mwenyewe, mimi nitasimama pembeni yako. Nitawaambia nusu ya lawama ni yangu, maana ni mimi niliyewaleta kwako. Hawatakugusa nikiwepo."

Sajini Fallas, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso.

"Na wewe ukamjibu nini?" Yorleny aliuliza.

"Nikamwambia atangulie, nakuja nyuma na gari langu. Akanisubiri pale getini, taa zinawaka, anaogopa nisije nikapotelea kwenye ukungu." Evelio alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Akasubiri, akasubiri. Ikabidi nimpungie mkono ndipo aende."