Ram Isiyokaa

Siku ile pale mtaani Kajificheni ilikuwa ya kawaida. Adhuhuri imeshaswaliwa, watu wamejipumzisha. Bi Maha, mjane wa Thuwaini, alikuwa ndani ya eda, mwezi wa pili. Shemeji yake Borafya alimletea fundi wa kuitazama kompyuta iliyokuwa ikikwamakwama, na kwa kuwa si maharimu zake, Maha akakaa nyuma ya pazia akisikiliza.

Kompyuta ya marehemu ilikuwa kongwe, lakini ndani yake mlikuwa na waraka: Thuwaini anampa mkewe nyumba ile. Aliuandika Alhamisi, atie saini Jumamosi. Ijumaa akazikwa. Hata bila saini, Maha alitaka kumwonyesha Kadhi. Borafya aliitaka nyumba.

"Nmetia ram mpya, bi mkubwa, lakini ishakufa hii," fundi alisema.

"Basi tena, shemegi," akadakia Borafya. "Subira."

Walipotoka, Maha akafungua ubavu wa CPU. Mwanamke yule kafundisha kompyuta miaka tisa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mashine ile hula ram, kile kibao cha kumbukumbu, ya aina ya DDR2. Waliyoitia ni DDR3, ambayo pengo lake haliko mahali pamoja na la DDR2, basi wakaichonga kwa tupa na kuishindilia! Ram za asili wamekwenda nazo. Wezi wakubwa! Kumwibia mjane mbele ya pazia lake, halafu wamwambie subira!

Akaing'oa, akaitupa ukutani.

"Thuwaini," alinong'ona, "unamwona nduguyo?"

Kompyuta isiyo na ram haiwaki. Hulia tu.

Feni ikazunguka yenyewe.

Skrini ikawaka. Waraka ukafunguka. Printa ikavuta karatasi, polepole. Maha alichungulia ndani: nafasi za ram zilikuwa tupu. Hakukimbia. Hasira zilikuwa zimeshaila hofu yake.

Alasiri Borafya alirudi kuulizia funguo za nyumba. Karatasi ikapenyezwa chini ya pazia.

"Soma."

Borafya akapitisha kidole mpaka mwisho wa waraka. Kisha sauti ndogo: "Shemegi… nani katia saini?"

"Unaijua ya nani."

"Wino mbichi, Maha. Mbichi!"

"Basi ipepee ikauke, unirejeshee."

Aliirejesha. Bi Maha anakaa nyumba ile mpaka leo. Ukikutana na Borafya sokoni Darajani, mtazame kidole alichoishikia saini ya nduguye. Kakisugua kwa ndimu, kwa petroli, kwa jiwe mpaka damu. Ngozi huota upya. Huota nyeusi.